Je, Wajua? Vita Vilipita Babati: Nani Alipata Alichokitaka?

Vitabu vya shule huuliza nani alishinda vita. Safu hii leo inauliza jambo jingine: aliyepigana alitaka nini, na mwisho wa yote alikipata? Majibu hayafanani, na mara nyingine yanapingana kabisa. Tunaanza hapa hapa Babati, kisha tunazunguka hadi Msumbiji, Kagera na Goma.

HAPA HAPA NYUMBANI

Je, wajua kwamba barabara ya lami ya Arusha, Babati, Kondoa hadi Dodoma iko katika ukanda ule ule uliopitwa na jeshi la Vita vya Kwanza vya Dunia? Kipande cha Babati hadi Dodoma, kilomita 251, kilizinduliwa Aprili 2018. Aprili kama hiyo, mwaka 1916, walipita wapanda farasi wa Afrika Kusini wakiongozwa na Jenerali Jaap van Deventer. Walikuwa wakipigania Uingereza, ingawa wengi wao walikuwa Makaburu, na van Deventer mwenyewe alikuwa amepigana na Waingereza hao hao kwenye vita vya Makaburu vilivyomalizika mwaka 1902.

Je, wajua kwamba mlima Lolkisale, unaouona ukisafiri kati ya Babati na Arusha, ulipiganiwa kwa sababu ya maji? Kikosi cha Wajerumani kilikuwa juu yake na chemchemi iko mikononi mwake. Mapema Aprili 1916 kilizingirwa kwa siku kadhaa, kikasalimu amri. Walitekwa Wajerumani 17 na askari Waafrika zaidi ya 400.

Je, wajua kwamba tarehe 13 Aprili 1916 ilikuwa zamu ya Ufiome, katika nchi ya Wagorowa, wilaya ya Babati ya leo? Walinzi walikuwa wachache. Walirudi nyuma milimani wakaacha akiba ya chakula. Siku sita baadaye, tarehe 19, van Deventer akaingia Kondoa.

Je, wajua kwamba mbio hizo za takriban kilomita 320, kutoka upande wa Moshi hadi Kondoa, ziliwamaliza farasi kuliko risasi? Mamia walikufa kwa magonjwa njiani. Masika yakashuka, barabara ikawa tope, chakula kikakwama nyuma. Jeshi lililofika Kondoa lilikuwa limechoka, halina uwezo wa kuendelea hata hatua moja. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Je, wajua kwamba kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuja mwenyewe Kondoa kumtoa van Deventer? Aliwatoa askari wake Usambara, wakatembea hadi reli ya kati, wakapanda treni hadi Dodoma, kisha wakatembea tena. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei 1916 walishambulia wakarudishwa kwa hasara. Kikosi kidogo kilichokwama Kondoa kilikuwa kimevuta sehemu kubwa ya jeshi la Wajerumani mbali na Usambara, na kabla Mei haijaisha Jenerali Jan Smuts, kamanda wa upande wa Uingereza, akaanza kuteremka Bonde la Pangani akikuta upinzani mdogo.

Je, wajua kwamba katika mapambano ya Kondoa ulisikika mzinga wa meli, mamia ya kilomita kutoka baharini? Manowari ya Kijerumani Königsberg iliharibiwa ndani ya delta ya Rufiji Julai 1915. Mizinga yake kumi iliokolewa, ikawekewa magurudumu, ikaburutwa nchi nzima kwa nguvu za watu.

KIPIMO CHENYEWE

Je, wajua kwamba mtu anayetajwa sana kwenye mjadala huu hakukiona kitabu chake kikichapishwa? Carl von Clausewitz, ofisa wa Prussia, alifariki mwaka 1831. Mjane wake, Marie, alianza kukitoa mwaka 1832. Hoja kuu ya Clausewitz ni kwamba vita ni chombo cha siasa. Kwa hiyo ushindi hauhesabiwi kwa maiti wala kwa miji iliyotekwa. Unahesabiwa kwa lile lengo la kisiasa lililoleta vita.

Je, wajua kwamba upande wa Wajerumani hapa kwetu ulikuwa na malengo mawili yanayogombana? Gavana Heinrich Schnee, ambaye kisheria ndiye aliyekuwa juu ya kamanda, alitaka koloni libaki salama na mashamba yaendelee. Alitegemea Mkataba wa Berlin wa 1885, uliofungua njia ya makoloni ya ukanda huu kutangazwa kuwa hayako vitani. Von Lettow-Vorbeck, aliyeteremka Dar es Salaam Januari 1914, aliona koloni si kitu cha kulinda bali ni chambo: apigane kwa muda mrefu kadiri iwezekanavyo ili Waingereza walete huku askari ambao wangepelekwa Ulaya.

Je, wajua kwamba ushindi mkubwa wa Tanga ndio uliozima sauti ya Gavana? Novemba 1914 Waingereza waliteremsha askari wapatao 8,000 kutoka India. Waliwakuta watetezi wapatao 1,000. Walishindwa vibaya, wakaacha bunduki 455, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Baada ya hapo nani angemsikiliza Schnee akizungumzia amani?

KILA MTU NA LAKE MOYONI

Je, wajua kwamba sifa kubwa ya von Lettow-Vorbeck, kwamba aliwazuia adui wasiende Ulaya, inabishaniwa na wanahistoria wa leo? Angalia nani aliletwa kupigana naye. Wengi walikuwa Wahindi, Waafrika Kusini, Wanigeria, askari wa Pwani ya Dhahabu, na King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda na Nyasaland. Waingereza hawakuwa na mpango wa kupeleka vikosi vya Kiafrika kwenye mahandaki ya Ufaransa. Alichochota ni meli, pesa na magari. Idadi ya watu aliowazuia wasifike Ulaya ni ndogo kuliko inavyosimuliwa.

Je, wajua kwamba mkakati wake ulizaa jeshi ambalo halikuwapo? Mwaka 1914 King's African Rifles ilikuwa na askari wapatao 2,400. Vita vilipoisha walizidi 30,000. Uingereza haikuwatoa Ulaya. Iliwaandikisha vijijini kwetu.

Je, wajua kwamba inawezekana kushinda pambano na kuumiza mkakati wako mwenyewe? Oktoba 1917 huko Mahiwa, karibu na Lindi, Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,500 kati ya wapatao 5,000, wakiwamo majeruhi. Wajerumani walipoteza kama 500. Lakini Waingereza waliweza kuleta wengine. Von Lettow-Vorbeck hakuweza, na risasi zilikuwa zinamwishia. Mwezi uliofuata alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji. Koloni alilotumwa kulilinda alikuwa amelikimbia.

Je, wajua kwamba Smuts aliondoka Januari 1917 kwenda London huku akieleza kuwa kazi imebaki kidogo tu? Alikuwa na Moshi, Arusha, Kondoa, Dodoma, Morogoro, Dar es Salaam na reli zote mbili. Mpinzani wake alikuwa bado na jeshi lake. Vita viliendelea karibu miaka miwili mingine, na kuanzia katikati ya 1917 aliyeviongoza kwa upande wa Uingereza alikuwa yule yule van Deventer aliyepita Babati.

Je, wajua kwamba baadhi ya viongozi wa Afrika Kusini waliitaka ardhi yetu ili waiuze kwa mlango wa nyuma? Wazo lilikuwa hili: sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani wapewe Wareno, nao Wareno waachie kusini mwa Msumbiji pamoja na bandari ya Lourenço Marques, Maputo ya leo. Smuts alikuwa miongoni mwa waliolipenda. Halikufanikiwa. Afrika Kusini ilishinda pambano baada ya pambano, bandari haikuipata.

Je, wajua kwamba Ubelgiji nayo ilikuja na hesabu ya kubadilishana? Jeshi lake kutoka Kongo liliiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Nia ilikuwa kushika ardhi kubwa, kisha kuitumia kwenye mazungumzo ili ipate sehemu ya Wareno karibu na mdomo wa Mto Kongo. Mabadilishano hayakutokea. Kwa makubaliano ya Mei 1919 kati ya Pierre Orts na Lord Milner, Ubelgiji ilibaki na Ruanda-Urundi. Hivyo ndivyo Rwanda na Burundi zilivyotengwa na Tanganyika: mtaji wa biashara ambayo haikufanyika.

Je, wajua kwamba Wareno walikuwa na lengo dogo kuliko wote? Walitaka Kionga, kipembe kilicho kusini mwa mdomo wa Ruvuma ambacho Wajerumani walikichukua mwaka 1894, na walitaka Msumbiji yao isiguswe. Hofu yao ilikuwa na msingi, maana kabla ya vita Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimezungumza kisirisiri namna ya kugawana makoloni ya Ureno. Aprili 1916 waliiteka Kionga. Baada ya hapo walipigwa mara kwa mara, na von Lettow-Vorbeck akaishi Msumbiji kwa miezi mingi akila vyakula vyao na kutumia bunduki zao.

Je, wajua kwamba vita vya Afrika Mashariki vilimalizwa kwa kifungu kimoja kilichosainiwa Ufaransa? Mkataba wa kusitisha vita wa tarehe 11 Novemba 1918, kifungu cha 17, uliamuru majeshi ya Ujerumani ya Afrika Mashariki yaondoke. Von Lettow-Vorbeck hakuwa na habari. Siku mbili baadaye aliingia Kasama, Zambia ya leo. Alisalimu amri Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25 Novemba, akiwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168. Jeshi lake halikumalizwa uwanjani, ila nchi iliyomtuma ilikuwa imeshashindwa.

Je, wajua kwamba Machi 1919 alipita kwa maandamano ya shangwe kwenye lango la Brandenburg, Berlin? Karibu miezi minne baadaye Mkataba wa Versailles, kifungu cha 119, uliinyang'anya Ujerumani makoloni yote. Kamanda alipata umaarufu, nchi haikupata kitu.

WALIOLIPA

Je, wajua kwamba Waingereza waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivi, na hesabu yao rasmi ya waliokufa inakaribia 95,000? Wengi waliuawa na kuhara, malaria na njaa. Hakuna kati ya malengo tuliyoyataja hapo juu ambalo lilikuwa la mpagazi.

Je, wajua kwa nini idadi ya wapagazi ilikuwa kubwa hivyo? Piga hesabu. Mtu anabeba kilo 25 za unga na anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda na kumi kurudi, amekula 20. Zinazowafikia wapiganaji ni kilo tano. Kila hatua ya jeshi kwenda mbele ilihitaji watu wengine maelfu nyuma yake.

Je, wajua kwamba kikosi kinaweza kuisha bila kupigana? Batalioni ya 9 ya Afrika Kusini ilianza Februari 1916 na watu 1,135. Kufikia Oktoba waliokuwa wazima walikuwa 116. Maradhi yaliwamaliza, maana mapigano waliyoyaona yalikuwa machache.

Je, wajua kwamba jirani zetu Wagogo wanaikumbuka njaa ya 1917 hadi 1920 kwa jina la Mtunya? Majeshi yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua vijana wa kulima. Kisha mvua ikakosekana. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa Ugogo, mmoja kati ya kila watano.

KAGERA: LENGO LILILOHAMA

Je, wajua kwamba Nduli Idi Amin wa Uganda alitangaza lengo lake hadharani? Mwanzoni mwa Novemba 1978 alisema mpaka mpya ni Mto Kagera, akadai zaidi ya kilomita za mraba 1,800 za Tanzania. Daraja la Kyaka likabomolewa ili tusivuke. Miezi michache baadaye hakuwa na ardhi hiyo, wala Uganda yenyewe.

Je, wajua kwamba hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, 1978 ilitaja uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin? Watu wengi wa umri wa kati wanaijua kwa moyo. Lengo lililotajwa wakati huo lilikuwa kumwondoa mvamizi katika ardhi yetu, na kufikia Januari 1979 lilikuwa limetimia.

Je, wajua kwamba baada ya hapo lengo lilisogea hatua kwa hatua? Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukumlaani Amin. Tanzania ikavuka mpaka, ikachukua Masaka na Mbarara mwishoni mwa Februari. Machi, wapinzani wa Amin walikutana Moshi wakaunda serikali ya kusubiri chini ya Yusuf Lule. Tarehe 11 Aprili Kampala ikawa imeanguka.

Je, wajua kwamba Libya nayo ilikuwa na mkakati? Machi 1979 Muammar Gaddafi aliipa Tanzania saa 24 itoe majeshi Uganda. Ndege yake ya Tu-22 ikaja kulipua matangi ya mafuta Mwanza. Ikakosa. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, kilichokuwa hifadhi ya wanyama, yakaua swala kadhaa. Lengo lilikuwa kumtisha Nyerere. Jeshi liliendelea kusonga.

Je, wajua kwamba wapo marais wa Afrika waliomlaumu Mwalimu kwa ushindi huo? Kwenye mkutano wa Monrovia, Julai 1979, Jaafar Nimeiry wa Sudan na Olusegun Obasanjo wa Nigeria walisema kumwondoa kiongozi wa nchi nyingine ni mfano mbaya. Hoja yao haikuwa kwamba Amin ni mwema. Ilikuwa kwamba leo ni yeye, kesho ni nani?

Je, wajua kwamba Lule alikaa madarakani siku 68 tu? Akafuata Godfrey Binaisa, akaondolewa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba ukamrudisha Milton Obote, na Februari 1981 Yoweri Museveni akaingia msituni. Uganda haikutulia Amin alipoondoka, na vita hivyo vya msituni viliendelea hadi Museveni alipoingia Kampala Januari 1986. Sasa toa alama. Kulinda mpaka: lengo limefikiwa kabisa. Kumwondoa Amin: limefikiwa. Jirani mwenye amani: halikufikiwa kwa miaka mingi.

Je, wajua kwamba wanajeshi wa Tanzania waliofariki wanahesabiwa 373, na chini ya 100 kati yao ndio waliouawa kwenye mapigano? Ajali na sababu nyingine ziliwachukua waliobaki. Gharama inakadiriwa dola milioni 500. Mwalimu aliwaambia wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Waliozaliwa kabla ya 1975 watakuambia mikanda ilikaa muda gani zaidi ya hapo, hasa kwenye foleni za sabuni na sukari.

VYA JUZI NA JANA

Je, wajua kwamba JWTZ imewahi kumaliza kazi kwa muda mfupi mno? Tarehe 25 Machi 2008, Tanzania na Sudan, chini ya Umoja wa Afrika na pamoja na jeshi la Komoro, zilishuka kisiwani Anjouan. Lengo lilikuwa moja na dogo: kiongozi muasi wa kisiwa, Mohamed Bacar, aondoke, kisiwa kirudi chini ya serikali ya Komoro. Bacar alikimbilia Mayotte. Uchaguzi ukafanyika mwaka huo huo. Siasa ilikuwa tayari inasubiri askari wamalize.

Je, wajua kwamba Goma, mashariki mwa Kongo, ina hadithi iliyo kinyume? Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2098, uliunda brigedi ya mapigano ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Novemba mwaka huo waasi wa M23 wakasalimu amri. Lakini yale waliyodai yazungumzwe, na yale ambayo Kinshasa na majirani zake walipaswa kuyamaliza, yalibaki njiani. Mwishoni mwa 2021 M23 wakarudi. Januari 2025 wakaichukua Goma, Februari wakaichukua Bukavu.

Je, wajua namna ya kuisikiliza taarifa ya vita redioni bila kudanganywa? Mtangazaji akisema mji umetekwa, tafuta tamko la siku ya kwanza ya vita hivyo na uliweke pembeni. Je, mji huo unamsogeza aliyeuteka kwenye kile alichosema anakitaka? Je, bado anataka kile kile, au amebadilisha kwa sababu cha kwanza kimemshinda? Na nani analima, anabeba na anazika ili yeye aendelee kukitaka?

Na je, wajua nani angepata alama za juu kwenye mtihani huo kati ya wote waliopigana Afrika Mashariki 1914 hadi 1918? Si Wajerumani waliosifiwa, wala Makaburu waliokimbiza farasi hadi Kondoa, wala Wabelgiji waliofika Tabora. Ni Wareno, waliopigwa kuliko wote. Mwaka 1919 waliondoka mezani na Kionga yao, na Msumbiji yao ikiwa nzima.